Kanta Isiyofika

Gudele, Juba
9 Oktoba 2016

Dada Victoria,

Kwa niaba ya ukoo wetu mzima, waliobaki nyumbani na walio ukimbizini, nasikitika kutangaza kifo cha kiti cha plastiki cha rangi ya buluu, kilichotokea Jumapili iliyopita saa nne asubuhi, mara tu baada ya kukaliwa na kaka yako. Marehemu aliitumikia familia hii miaka sita bila kulalamika. Ameacha wenzake watatu, na mzee mmoja wa miaka hamsini na tatu aliyelala chali vumbini, miguu juu, mbele ya akina mama wa kanisani waliokuja kumsalimu Mama. Walijikaza wasicheke. Mama hakujikaza.

Kwa ajali hiyo mkono wangu wa kulia umeteguka, ndiyo maana huu si ule mwandiko unaoujua, uliokuwa ukisema ni kama kuku amekanyaga wino. Anayeandika ni mke wangu Suzan. Mimi nasema, yeye anaandika. Shule za Kakuma zilimfundisha Kiswahili kizuri kuliko changu cha malori, kwa hiyo ukikuta sentensi iliyonyooka, sifa ni zake.

Simu usiingoje. Yangu ilichukuliwa Julai kwenye kizuizi, na kijana aliyeichukua alinishukuru. Tutaandikiana hivi hivi, kwa mkono wa Marino, maadamu lori lake linapita kwako kila baada ya wiki mbili na yeye mwenyewe hachoki kubeba maneno ya watu.

Sasa safari. Ile Kanta yetu, lori letu dogo, ipo nyuma ya nyumba. Nimeifunika turubai kuukuu na kuweka masufuria mbele yake, ili mwenye bunduki akichungulia adhani ni jiko. Mizigo ni hii: kitanda cha Mama, cherehani yako, magunia mawili ya mtama, vyombo, mabati thelathini nitakayoyang'oa siku ya mwisho, na milango mitatu. Nilijaribu kumshawishi Mama tuache milango. Akaniambia, “Mimi haiendi Uganda bila milango yangu. Ile safari ya kwanza tuliacha, tukarudi, tukakuta mtu nalala ndani, anatuuliza sisi ni nani.”

Magari yanakusanyika Nesitu alfajiri, yanapangwa mstari, askari wanakaa mbele na nyuma, kisha yote yanatembea pamoja hadi Nimule, mpakani. Sharti ni moja tu, hakuna kusimama. Gari lako likizimika njiani wenzako wanakupita, na watakuombea wakishafika.

Nitaendesha mwenyewe, kama nilivyoendesha miaka ishirini. Mwisho wa mwezi huu utatuona.

Kaka yako,
Tombe


Kambi ya Pagirinya, Adjumani
19 Oktoba 2016

Kaka Tombe,

Pole kwa kiti. Nimecheka, halafu nikaacha. Umesema ulianguka chali. Mtu akianguka chali anaumia kiuno. Mkono umeingiaje?

Hapa nimepimiwa kiwanja changu na nimesimamisha nguzo. Kona ya Mama ya kulala iko tayari, imebaki Mama mwenyewe. Tangu Julai nilipotoka na watoto na ndoo moja, nawaambia wanawake wa hapa kwamba mimi ni fundi wa nguo. Wananiuliza, fundi gani hana cherehani? Nawajibu kwamba kaka yangu analeta. Usinifanye muongo kwa majirani wapya, wa zamani wanatosha.

Mvua zikipungua barabara itakauka, na barabara ikikauka kila mtu atatembea juu yake, wazuri na wabaya. Mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi.

Msalimie Suzan. Mwambie nimeona mwandiko wake ni mzuri sana.

Victoria


Gudele
6 Novemba 2016

Dada yangu Victoria, Inspekta Mkuu wa Viuno na Mikono,

Nilianguka chali, nikajizuia kwa mkono. Hiyo ndiyo kesi yote. Serikali ya Uganda ikitafuta polisi, nitapeleka jina lako.

Utaona kalenda imenipita. Si mimi, ni giaboksi. Gari lililokaa miezi mitatu bila kuwashwa linakuwa kama mjomba aliyeamshwa usingizini, kila unalomwambia analipinga. Nikiweka gia ya pili inalia kiasi cha majirani kutoka nje. Laku fundi, yule wa karibu na kituo cha maji, ameifungua na kusema nimpe wiki mbili. Siwezi kuingia kwenye msafara na gari la kubembeleza. Wewe mwenyewe hungependa Mama akae kando ya barabara ile akingoja spana.

Mama mzima. Amekwisha funga vyombo vyake, na kila asubuhi anavifungua ili apate kikombe cha chai, kisha anavifunga tena.

Mkono bado. Mwandishi ni yule yule.

Tombe


Pagirinya
20 Novemba 2016

Kaka,

Nimepokea giaboksi yako. Nilimuuliza Marino. Anasema alipokuja kuchukua barua alikuta Kanta inaunguruma vizuri kabisa, na Laku fundi alikuwa Nimule tangu Oktoba, amehamia huko na mke na vifaa vyake. Sasa nani amefungua giaboksi?

Misafara minne imefika tangu uliponiahidi. Kila mara nimekwenda njia panda kusimama na wanaongoja ndugu zao. Wanashuka watu na magodoro, na mbuzi, na mara moja alishuka mzee na dirisha zima kichwani. Wewe hushuki.

Nitakuuliza jambo moja na usinifanyie mzaha. Mama yuko hai? Maana watu hufichana haya kwenye barua. Jirani yangu aliandikiwa miezi minne kwamba baba yake ana mafua.

Kama yuko hai, aweke alama kwenye karatasi. Kidole chake nakijua, kile chenye kovu la jembe.

Victoria


Gudele
4 Desemba 2016

Dada Victoria,

Hilo doa jeusi hapo juu ni kidole gumba cha Mama, kwa masizi ya sufuria. Kovu litazame mwenyewe. Nilipomwambia unaulizia kama yuko hai alisonya mpaka jogoo akashtuka. Akasema, “Mwambie nimekufa, alete sanda. Na hiyo sanda isiwe fupi kama gauni alinishonea Pasaka.”

Kuhusu Laku, nilimtaja yeye kwa sababu unamjua. Kazi ilifanywa na mwingine. Giaboksi imepona, ila klachi sasa ndiyo inateleza, na mlimani klachi ni roho ya gari. Nipe mpaka baada ya Krismasi.

Najua hupendi majibu haya. Mimi mwenyewe yakisomwa tena kabla ya kufungwa siyapendi.

Tombe


Pagirinya
16 Desemba 2016

Kaka Tombe,

BARUA HII ISOME PEKE YAKO. Nimemwambia Marino aitie mkononi mwako, si mkononi mwa mwingine yeyote, na aondoke baada ya kuona umeitia mfukoni. Mkono wako ni mgonjwa, lakini macho hayajateguka.

Marino ameniambia alichokiona, na aliniambia kwa shida, maana hapendi kutia fitina kati ya mtu na mkewe. Amewakuta mara mbili kwenye uwanja wa kanisa, Kanta inazunguka na kuzunguka, na aliyeshika usukani ni Suzan. Wewe umekaa pembeni umefumba macho kama gunia la mtama. Alikupungia mkono. Hukujibu. Mtu mliyekula naye sahani moja Koboko, hukujibu.

Kaka, tazama mambo yanavyojipanga. Barua zako anaandika yeye. Kila linaloingia na kutoka linapita kwake. Safari inaahirishwa kwa sababu ambazo hazina miguu. Na sasa gari tulilonunua wewe na mimi kwa jasho la miaka yote ile, yeye anajifunza kuliendesha. Mtu anajifunza gari la nini kama hana mpango wa kuondoka nalo?

Nitasema neno lenyewe. Huyo ni mwizi. Miaka minne uko naye na hajakuzalia hata mmoja, na mwanamke asiye na mtoto hana kamba ya kumfunga nyumbani. Atapakia kitanda cha Mama na cherehani yangu, ataelekea Yei au popote penye watu wake, na wewe utabaki Gudele na nyumba isiyo na milango.

Sikukatazi kumpenda. Nakuomba usiwe mjinga. Tarehe kumi Januari nitakuja mwenyewe na lori la Marino likirudi Juba. Nitamchukua Mama, na gari nitampa Marino aliendeshe. Usimwambie.

Dada yako wa tumbo moja,
Victoria


Gudele
23 Desemba 2016

Victoria,

Nimeipata barua yako. Nimeisoma peke yangu kama ulivyoagiza.

Usije. Wiki iliyopita magari mawili hayakurudi kutoka barabara ile, na mmoja wa waliokuwamo tuliimba naye kwaya. Una watoto watatu. Sikuombi kwa mzaha safari hii. Nakuomba kama ninavyoomba kanisani.

Suzan si mwizi. Sina la kuongeza kwa sasa.

Krismasi njema kwenu.

Tombe


Pagirinya
30 Desemba 2016

Kaka,

Ulivyomtetea ni kwa mwandiko wake mwenyewe. Mshitakiwa amejiandikia hukumu, na ameandika vizuri, hata kosa moja sijaona.

Mtu akikatazwa kuja, kuna kitu hatakiwi kukiona. Watoto nitawaacha kwa Santina jirani. Tarehe kumi iko pale pale.

Victoria


Elegu, upande wa Uganda
8 Januari 2017

Dada Victoria,

Fungua ndoo uliyoifunga kwa safari, usiende popote. Tumevuka. Mama yuko hapa, amelala kwenye kitanda chake kilekile juu ya Kanta, milango imemkinga jua. Cherehani yako iko miguuni pake. Tunangoja karatasi za gari mpaka kesho. Marino anatangulia leo na barua hii, na kesho asubuhi atarudi kutuendesha hadi kwako, kwa sababu huku Uganda watauliza leseni na dereva wangu hana. Nimetaka maneno haya yakufikie kabla yetu. Yaliyo moyoni mwako uyamalize leo, ili kesho ubaki na kazi ya kushusha mizigo tu.

Mkono wangu haujawahi kuteguka. Ni macho.

Yalianza mwaka juzi, ukungu pembeni, nikadhani ni uzee. Daktari mmoja wa Thongpiny akaniambia ni presha ya macho. Alinipa dawa ya matone, akasema kilichokwisha ondoka hakirudi, tulinde kilichobaki. Julai kliniki ikafungwa na matone yakaisha. Kufikia Oktoba nilikuwa naona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Kile kiti kilikuwa kimevunjika tangu Ijumaa. Suzan alikiegemeza ukutani kikingoja kutupwa, kila mtu alikiona, kuku nao walikiona. Mimi nikakivuta nikakikalia kwa heshima zote.

Ningeweza kukuambia nilificha kwa sababu ungejua ungekimbilia Juba kwa barabara ile, na ni kweli, ungekimbia. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni aibu. Tangu nikiwa kijana, mtu akiuliza Tombe ni nani, anaambiwa ni dereva. Dereva asiyeona ni mzigo, na safari hii mizigo ilikuwa mingi tayari.

Nilitafuta wa kutuendesha. Wawili niliowajua walikwisha kimbia. Wa tatu, Paulino, alikubali asubuhi na kukataa mchana. Mkewe alimkatalia, na sikumlaumu. Nikarudi nyumbani nikakaa. Suzan akasema, “Nifundishe.”

Nilicheka, Victoria. Nilicheka sana, kipofu akimcheka mwanamke kwa kutojua kuendesha. Yeye akaenda akapanda, akashika usukani, akangoja nimalize.

Giaboksi haikuwa mbovu, wala klachi. Zile zilikuwa wiki za kujifunza. Nilikaa pembeni yake nikafumba macho, maana kuyafungua kulikuwa kunanichanganya tu, nikawa nasikiliza injini. Namwambia, bado, iache ilie kidogo. Sasa, ya pili. Toa mguu polepole kama unaondoka chumbani mwa mtoto aliyelala. Siku za mwanzo tuliruka kama chura. Watoto wa Gudele walikuja kutazama wakidhani ni mchezo wa Krismasi. Siku aliyonipungia Marino nilikuwa nasikiliza gia ya tatu. Sikumwona. Kama ningemwona ningemtania, wewe unanijua, na hapo ndipo ungepaswa kushtuka.

Sasa ile barua yako. Marino aliitia mkononi mwangu kama ulivyomwagiza, akasubiri mpaka nikaitia mfukoni, akaenda. Nilikaa nayo siku nzima. Nilijua ina kitu, maana ilikuwa nene, na wewe huandiki nene bila hasira. Ningempa nani? Mama hajui kusoma. Jirani angeipeleka mtaa mzima kabla ya chakula. Kesho yake asubuhi nikampa Suzan.

Alisoma tangu yale maneno ya juu kwamba niisome peke yangu. Alisimama hapo akauliza, “Niendelee?” Nikamwambia endelea. Akaisoma kwa sauti ileile anayosomea Waraka kanisani, hakuongeza wala kupunguza. Alipofika ulipomwita mwizi akanyamaza, nikasikia anakunywa maji, kisha akaendelea mpaka jina lako. Mimi nilikuwa nimekaa nimeshika magoti yangu. Hakuna mahali pa kwenda mtu akisomewa hivyo na anayetukanwa.

Alipomaliza hakulia. Akauliza tunakujibu nini. Nikamwambia aandike usije, na kwamba yeye si mwizi. Akasema hilo la pili haliandiki, kalamu iko mkononi mwake, itaonekana amejitetea. Nililazimisha. Wewe ukaona hivyo hivyo, kwa hiyo alikujua kuliko mimi. Akakunja karatasi, akasema, “Twende uwanjani. Bado sijaweza kuondoka mlimani bila kurudi nyuma.”

Ulipoandika kwamba unakuja tarehe kumi bila kusikia la mtu, hatukuwa tena na wiki za kujifunza. Tuling'oa mabati tarehe tano na sita. Jana alfajiri tulikuwa Nesitu. Askari aliyepanga magari akatutazama, akamuuliza Suzan dereva yuko wapi. Nikajikohoza kama dereva aliyechoka, nikasema mimi nina malaria, binti huyu atanishikia mpaka nipate nafuu. Akatupanga wa kumi na saba.

Njia sikuiona, kwa hiyo nakupa nilichosikia. Kuna mwinuko mmoja, gari la mbele lilipunguza mwendo, Suzan akapunguza, injini ikaanza kukohoa. Nyuma yetu honi tatu kwa pamoja. Nikasikia pedali ya klachi inagonga chuma chini ya mguu wake. Nikamwambia rudi ya kwanza, na usiogope kelele, kelele haijawahi kuua mtu. Nilisema hivyo kwa ujasiri, lakini nilikuwa nimeng'ang'ania mlango wa gari kwa mikono yote miwili. Mama akamwekea Suzan mkono juu ya goti, akasema, “Endesha, mtoto yangu. Mimi iko hapa.” Gari likapiga yowe, likapanda.

Mbele kidogo nikasikia harufu ya mpira uliochomwa, na nyingine chini yake. Nikauliza ni nini. Suzan akasema ng'ombe. Mama naye akasema ng'ombe. Sikuuliza ni ng'ombe wangapi.

Hakusimama mahali popote. Tulipofika Nimule na kuambiwa tuzime magari, alishindwa kufungua vidole vyake kutoka kwenye usukani. Nilivifungua mimi kimoja kimoja. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya mimi katika safari hii.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mengine yote niliyokuandikia tangu Oktoba yalikuwa uongo wangu, na yeye aliuandika kwa sababu nilimwomba.

Kaka yako,
Tombe


Wifi Victoria,

Hapa chini ni mimi, Suzan. Kaka yako anadhani nakunja karatasi.

Amekuambia niliisoma barua yako yote. Anaamini hivyo. Kuna sentensi moja niliiruka, ile ya mtoto. Ndipo nilipokunywa maji. Neno la mwizi lilinichoma, lakini lile ni la gari, na gari limefika. Hili lingine si la gari.

Yeye hajui kama uliliandika na mimi sitamwambia, kwa sababu angetaka kuchagua kati yetu, na sasa hivi anatuhitaji wote wawili. Kesho akiwa karibu tusiliguse. Sijui kama nimekusamehe. Nitajua nikishapumzika.

Chemsha maji mengi, uyatie chumvi. Miguu ya Mama imevimba.

Suzan